Roketi na jini wanaweza kukaa hadithi moja

Ipo kasumba moja katika ufundishaji wa fasihi ambayo naona haina budi kung'olewa. Mwanafunzi akitunga kisa ambamo roketi inatua katika kisiwa cha majini, huandikiwa kwa wino mwekundu kwamba amechanganya mambo. Huambiwa kuwa hadithi ya kisayansi iwe ya kisayansi, na fantasia ibaki katika ngano za mazimwi. Mimi siungi mkono ukuta huo.

Kweli, wanaoujenga wana hoja. Hadithi ya kisayansi hutegemea jambo ambalo akili yaweza kukubali kwamba huenda likatukia, ilhali fantasia huomba tu iaminiwe. Mfaransa Jules Verne, katika riwaya yake ya mwaka 1865, aliwarusha wahusika kuelekea mwezini kwa mzinga mkubwa. Mwaka 1901, Mwingereza H. G. Wells aliwapeleka wake kwa dutu ya kubuni yenye kuzuia nguvu za mvutano. Verne alilalamika kwamba yeye alitumia fizikia, bali mwenzake alijizulia tu. Lakini kishindo cha mzinga ule wa Verne kingewaua abiria wake papo hapo! Mpaka aliotaka kuuchora, yeye mwenyewe alikuwa ameshauvuka.

Na kwetu je? Shaaban Robert aliisimamisha nchi nzima hewani katika Kusadikika, mwaka 1951, bila mtambo wowote, ili azungumzie sheria na haki. Mwaka 1995, Katama Mkangi alichapisha Walenisi. Humo Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa angani ndani ya chombo, naye anafika katika nchi ya usawa ambayo jina lake ni fumbo: wale ni sisi. Riwaya hiyo tuiweke katika utanzu upi? Ondoa chombo, na hukumu ile inapoteza ukatili wake wa kisasa. Ondoa ajabu, na kejeli yote inazimika.

Kwa hivyo, kosa si kuchanganya. Kosa ni mwandishi kuvunja kanuni aliyoiweka mwenyewe. Masimulizi ya Fumo Liyongo yanatuambia kwamba hakuna silaha iliyoweza kumdhuru ila sindano ya shaba kitovuni. Hatuulizi elimu ya tiba inasemaje, kwa sababu kanuni hiyo inashika hadi kifo chake. Sasa mchukue mwanafunzi ambaye roketi yake imeishiwa na mafuta, mara jini akazuka na kuijaza bure. Huyo na akatwe alama, lakini si kwa sababu ya jini. Akatwe kwa sababu jini huyo hakuandaliwa mapema, wala hakudai chochote.

Wapo wanaohofu kwamba mchanganyiko huu utawafanya vijana washindwe kutofautisha sayansi na ushirikina. Naona kinyume. Mtunzi anayelazimika kuamua mtambo wake unaweza nini, na uganga hauwezi nini, huvichunguza vyote viwili kwa makini zaidi kuliko yule aliyekariri fasili ya kila kimoja. Anayeweza kuhofiwa ni yule aliyekatazwa kuuliza.

Walimu wenzangu, tunaposahihisha kisa cha namna hiyo, tujiulize maswali mawili: ajabu hii ina kanuni gani, na inamgharimu nini mhusika? Majibu yakipatikana ndani ya kisa, tumpe kijana haki yake. Nanyi wanafunzi, msiogope kumpandisha jini kwenye roketi. Hakikisheni tu kwamba amelipa nauli.