Kulinasa kwa Kamera Gari Liendalo Kasi

Kila mara mashindano ya magari yafanyikapo karibu na Kampala, watu humiminika kando ya barabara za udongo mwekundu, wazee kwa vijana, akina mama na watoto wao. Wengi siku hizi wana kamera, au angalau simu yenye kamera. Warejeapo nyumbani jioni na kuzitazama picha zao, aghalabu hukuta mojawapo ya mambo mawili: ama vumbi tupu na mkia wa gari lililokwisha kupita, ama gari lililo wazi kabisa lakini limetulia kama lililoegeshwa sokoni. Makosa yote mawili yana sababu, na yote yana dawa. Dawa yenyewe si kununua kamera ya thamani kubwa. Ni kujua mahali pa kusimama, na kujifunza kwenda pamoja na gari.

MCHEZO ULIOZOELEKA NCHINI

Mchezo huu si mgeni Uganda. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya Safari, ambayo njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika matope na vumbi la nchi zote tatu. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda mwaka 1945 na kuhamia Kenya mwaka 1972, alishinda Safari mara tano: mwaka 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Charles Muhangi wa Uganda alikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1999. Mwaka 2011 Susan Muwonge akawa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa taifa wa Uganda. Mashindano makubwa ya nchi, yaitwayo Pearl of Africa, huwaleta madereva kutoka nchi jirani, na viwanja kama Busiika, kaskazini ya Kampala, huwapa watazamaji nafasi ya kuyaona magari yakizunguka mbele ya macho yao mara nyingi kwa siku moja.

Hata mpiga picha mashuhuri Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliuamsha ulimwengu, alianza akiwa mwanafunzi mjini Dar es Salaam. Magari ya Safari yalikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoyapiga picha zikachapishwa gazetini. Kijana anayejifunza leo kando ya barabara anafuata njia iliyokwisha kukanyagwa.

MAHALI PA KUSIMAMA

Somo la kwanza si la kamera, ni la uhai. Gari liendalo kilometa 120 kwa saa hupita mita 33 katika sekunde moja. Likiacha njia likiwa umbali wa mita 20, humfikia mtu kabla sekunde moja haijatimia. Hapana mtu awezaye, kwa muda huo, kushusha kamera, kutambua hatari na kuruka.

Mwezi wa Machi 1986, katika mashindano ya Ureno, gari liliacha njia karibu na Sintra likaparamia umati. Watazamaji watatu walikufa na zaidi ya thelathini walijeruhiwa. Watu siku ile walikuwa wamejaa mpaka ukingoni mwa lami, wengine wakiwa na kamera mikononi, wakipisha gari dakika ya mwisho. Magari ya kundi lile lenye nguvu nyingi mno yalipigwa marufuku katika mashindano ya dunia kuanzia mwaka 1987.

Kwa hiyo mwenye kujifunza na ashike kanuni hizi. Asisimame kamwe upande wa nje wa kona, kwa maana huko ndiko gari lishindwapo kukata kona huelekea. Asisimame mwisho wa barabara iliyonyooka, wala mahali ambapo gari hutua baada ya kuruka tuta, wala katika shimo au mtaro ulio chini ya barabara. Mahali pema ni upande wa ndani wa kona, juu ya kilima au ukingo ulioinuka, mbali na njia, na nyuma yake pawe na nafasi ya kurudi. Kabla ya gari la kwanza kufika, na atazame nyuma yake aone atapita wapi endapo mambo yataharibika. Kati ya gari na gari asiipe barabara mgongo.

Tena kamera ina hila yake. Jicho likiwa kwenye kioo, mtu hupoteza kipimo cha umbali. Lenzi ionayo eneo pana, kama ile ya simu nyingi, huonyesha gari likiwa mbali kuliko lilivyo. Ndiyo sababu watu wenye simu husogea mbele hatua kwa hatua bila kujitambua. Afadhali asimame mbali na apate picha ndogo, kisha aikuze nyumbani.

Askari polisi na wasimamizi wa njia wakiamuru watu warudi nyuma, amri hiyo na itiiwe mara moja. Wapiga picha wa magazeti wenye vizibao wamepewa kibali na maelekezo yao; mtazamaji asiwafuate walipo akidhani kwamba kamera ni ruhusa.

HESABU YA MWENDO

Ndani ya kamera mna kilango kidogo kifungukacho na kufungwa ili mwanga uingie. Muda wa kilango hicho kuwa wazi ndio uamuao sura ya picha. Gari liendalo kilometa 120 kwa saa husogea sentimita 3 hivi katika sekunde 1/1000. Katika sekunde 1/250 husogea sentimita 13. Katika sekunde 1/60 husogea zaidi ya nusu mita.

Mtu atadhani basi kwamba sekunde 1/1000 ndiyo bora siku zote. Sivyo. Kwa muda mfupi namna hiyo hata magurudumu huonekana yamesimama, na mtazamaji wa picha hawezi kujua kama gari lilikuwa likikimbia au limeharibika njiani. Kwa sekunde 1/60 gurudumu huzunguka zaidi ya robo ya mzunguko wake, na picha huonyesha wazi kwamba linakwenda. Taabu ni kwamba kamera ikitulia, gari lenyewe nalo litakuwa ukungu. Njia ya kutoka katika taabu hiyo ni moja: kamera nayo iende.

Upande gari litokako nao una maana. Gari likija moja kwa moja kuelekea kamera, halihami sana katika picha, na muda wa sekunde 1/500 hutosha mara nyingi. Gari lipitalo kutoka kushoto kwenda kulia ndilo lililo gumu kuliko yote, na ndilo lifundishalo zaidi.

KULIFUATA KAMA SHABAHA

Hapa askari aliyefunzwa kulenga shabaha ana faida, maana sehemu kubwa ya kazi anaijua tayari. Miguu huachana kidogo na kukanyaga imara, ikielekea pale gari litakapopigwa picha, si pale litokako. Viwiko hubanwa mbavuni. Mwili hugeuka kutoka kiunoni, wala si mikono peke yake. Gari hushikwa katika kioo tangu likiwa mbali, likafuatwa kwa mwendo wake lenyewe, na alama moja juu yake, kama namba ya mlangoni, ikawekwa katikati bila kuyumba. Pumzi hutulizwa. Kidole hubonyeza polepole, hakidonoi. Na kama vile mlenga shabaha mzuri asivyoshusha silaha mara risasi itokapo, mpiga picha naye huendelea kulifuata gari baada ya kilango kufungwa. Wengi huharibu picha hapo: wasikiapo mlio wa kamera tu husimama, na picha hutikisika.

Afanyaye hivyo sawasawa hupata gari lililo wazi, na nyuma yake migomba na watu vimekuwa mistari ya rangi. Jicho linaona kasi.

Na aanze kwa sekunde 1/250, kisha 1/125. Akizoea ndipo ashuke hadi 1/60. Lenzi na irekebishwe mapema kwa kulenga jiwe au kijiti kilicho kando ya njia pale gari litakapopita, ili kamera isipoteze muda kutafuta. Tundu la lenzi likiwa dogo kidogo, makosa madogo ya umbali husamehewa.

Mfaransa Jacques Henri Lartigue, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alijaribu kulifuata gari la mashindano kwa kamera ya zamani ambayo kilango chake kilikuwa ufa upitao juu ya picha. Gurudumu lilitoka limeinama mbele, na watazamaji wameinama nyuma. Yeye aliiona picha hiyo kuwa imeharibika akaiweka kando. Ilipoonyeshwa New York mwaka 1963 ilisifiwa, kwa sababu aliyeitazama aliihisi kasi. Basi anayejifunza asifanye haraka kutupa picha zisizo kamili.

VUMBI NA JUA

Kwanza ajue upepo unatoka wapi, asimame upande huo, ili vumbi liende mbali naye. Lenzi iliyoingia vumbi isifutwe kwa shati. Vumbi lipulizwe kwanza, ndipo ifutwe kwa kitambaa laini, la sivyo chembe za udongo zitakwaruza kioo. Mfuko wa plastiki, ule uitwao kavera mjini Kampala, hutosha kuifunika kamera kati ya gari na gari.

Kampala i karibu sana na ikweta, na adhuhuri jua huwa utosini. Nyuso za madereva hujaa kivuli na rangi hufifia. Mwanga mzuri ni wa kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi alasiri. Wakati huo jua likiwa nyuma ya vumbi, vumbi lenyewe hung'aa kama dhahabu, na lile lililokuwa adui huwa pambo la picha.

Mwenye simu na ajue kwamba katika jua kali simu nyingi hujichagulia muda mfupi sana wa kilango, na gari hutoka limeganda. Kama simu ina mahali pa kuchagua muda huo, na apatumie. Kama haina, alasiri itamsaidia kuliko mchana.

MAZOEZI YA NYUMBANI

Hapana haja ya kungoja mashindano. Mtoto aendeshaye baiskeli uwanjani ni mwalimu wa kutosha kwa wiki ya kwanza. Wiki ya pili, bodaboda zipitazo barabarani, mpiga picha akiwa amesimama mbali, mahali salama. Familia zikaazo kambini zikumbuke kwamba malango, ghala na majengo ya kambi si mahali pa kuelekeza kamera, hata kwa mazoezi. Uwanja wa mpira hutosha.

Kila jioni na apige picha ishirini kwa muda mmoja wa kilango, aandike daftarini muda huo na umbali aliosimama, kisha azitazame zote kabla ya kufuta hata moja. Mwanzoni akipata mbili zilizo wazi katika kumi, asikate tamaa. Baba au mama akae naye waulizane: kamera ilisimama mapema? Mwili uligeuka, au mikono peke yake? Kosa lililotajwa kwa jina ni rahisi kurekebishwa.

Siku ya mashindano ikifika, na apite magari mawili au matatu ya mwanzo bila kupiga picha yoyote. Ayatazame tu, ajue mstari yanaoufuata, mahali yanapofunga breki na upande vumbi liendako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Atakayevumilia hayo atarudi nyumbani na picha chache, lakini ndani yake gari litakuwa linakwenda, naye mwenyewe atakuwa amerudi salama kuwaonyesha watu wake.