Tusimpime Anette kwa Pishi ya Tarja

Wahenga walinena, mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Methali hii utaiona wazi ukiwasikiliza mashabiki wa Nightwish, bendi iliyoanzishwa mwaka 1996 huko Kitee, Ufini. Muziki wao huitwa metali ya simfoni: magitaa ya umeme na ngoma nzito huchanganywa na okestra na kwaya, na mbele yao husimama mwanamke akiimba.

Waimbaji wamekuwa watatu. Tarja Turunen, aliyesomea uimbaji wa kiklasiki, alitolewa mwaka 2005 kwa barua ya wazi. Mwaka 2007 akaja Anette Olzon wa Uswidi. Alipoondoka mwaka 2012, nafasi ikachukuliwa na Floor Jansen wa Uholanzi.

Basi ugomvi ndipo unapoanzia. Wako wanaoshikilia kuwa albamu za maana ni za Tarja tu, kama Oceanborn ya 1998 na Once ya 2004, na ati Anette aliiharibu Dark Passion Play ya 2007. Jameni, hebu tusimame hapo kidogo!

Mimi pia naiweka Once mbele. Wimbo wake "Ghost Love Score" una dakika kumi hivi, nao hupanda na kushuka kama mawimbi, sauti ya Tarja ikielea juu ya ala zote. Lakini mtunzi mkuu wa albamu zote hizo ni yule yule mpiga kinanda, Tuomas Holopainen. Tena ala za Dark Passion Play zilianza kurekodiwa mwaka 2006, kabla Anette hajatangazwa. Kama wimbo haukukufurahisha, mbona humwulizi aliyeutunga? Sauti ya Anette ni ya pop, nyepesi, kama ya mtu anayekusimulia hadithi. Kumlaumu kwa kutoimba kiopera ni sawa na kuilaumu zumari kwa kutolia kama tarumbeta.

Isitoshe, mwaka 2013 Floor aliuimba huo huo "Ghost Love Score" kwenye tamasha la Wacken, Ujerumani, akasifiwa mno. Kumbe wimbo mzuri una nafasi ya zaidi ya sauti moja.

Sisemi tusilinganishe. Linganisheni utunzi, okestra na mashairi mpaka kuche. Ila albamu ni kitu, mwimbaji ni mtu. Anayekuja kujaza pengo silo aliyelichimba. Hata hapa shuleni, mwalimu mpya hajaandika tarehe ubaoni, tayari nyuma kuna minong'ono: "Yule wa kwanza alikuwa mkali, bwana!" Mkali alikuwa, hakuna anayebisha. Lakini huyu naye mngojeeni afundishe kwanza, kisha ndipo mseme.