Nangoja Nipungue Kilo Kumi Kwanza



Wiki hii ndugu mmoja wa hapa Nakuru ameniandikia. Anasema: "Pasta, naona picha zako za Jumamosi ukiwa na wale watu wa baiskeli. Mimi pia nimenunua yangu. Nijiunge lini? Nangoja nipungue kilo kumi kwanza, ndio nisiwe mzigo kwa wenzangu."

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu hayo maneno niliyasema mimi mwenyewe kwa miezi 14.

Wacha nikwambie ilivyokuwa. Daktari alinipima akaniambia sukari imepanda na presha pia si nzuri, na kwamba nikiendelea kukaa kwa gari na kwa kiti cha ofisi nitaanza kumeza dawa za maisha. Nikanunua baiskeli ya mtumba iliyotoka Uingereza, nzuri kabisa, nikaiweka stoo ya kanisa kando ya spika. Vijana wa klabu walikuwa wanapita barabarani kila Jumamosi alfajiri. Nikiwaona najiambia, bado, wacha nipate nguvu kwanza.

Ukweli? Nilikuwa naogopa kuonekana. Mtu ambaye kila Jumapili anasimama mbele ya watu, aachwe mlimani na mtoto wa kidato cha nne! Mimi niliita hiyo unyenyekevu, eti sitaki kuwachelewesha. Mpendwa, hicho kilikuwa kiburi kimevaa nguo za kuazima.

Basi nikaanza kuendesha peke yangu alfajiri, Lanet na kurudi. Kilo zikapungua, sita hivi. Miguu ikapata nguvu. Siku nikajiona niko tayari, nikajiunga na klabu moja ya watu wenye kasi, na hakuna mtu aliyeniuliza chochote zaidi ya ada ya usajili. Jumamosi ya kwanza tukatoka kwenda Njoro. Ni kilomita kama 20 na barabara inapanda, lakini nilikuwa nawafuata vizuri tu. Nikaanza kujisifu moyoni.

Lori likapiga honi nyuma yetu. Mimi nikageuza kichwa kuangalia, na mikono ikafuata kichwa. Baiskeli ikasogea kulia. Kijana aliyekuwa ubavuni mwangu akakosa pa kwenda, akanikwepa, akatoka kwenye lami, akaanguka. Akavunjika mtulinga. Lile lori lilipita hatua chache kutoka alipolala, na mpaka leo nikisikia honi ya namna ile tumbo linanishika.

Kijana yule ni kinyozi. Kinyozi asiyeweza kuinua mkono ni mtu asiye na kazi. Wiki sita. Nililipa hospitali, nikalipa na kodi ya nyumba miezi miwili, na mama yake alinipokea kwa heshima ambayo sikustahili.

Sasa unielewe ninapotaka kukupeleka. Miezi 14 nilikuwa nangoja kitu kisicho chake. Nilingoja nguvu, na nguvu nikazipata. Kilichomwangusha yule kijana ni kwamba sikujua kuangalia nyuma bila kuyumba. Hilo ningejifunza kwa mchana mmoja kwenye uwanja wa shule.

Kwa hiyo ndugu yangu, kilo zako ziache kwanza. Nikuulize maswali mengine. Unaweza kufuata mstari ulionyooka, kama ile mistari nyeupe ya kuegeshea magari, mita hamsini, bila kuuacha? Unaweza kuangalia juu ya bega la kulia na gurudumu lisisogee? Unaweza kutoa mkono mmoja ukachukua chupa, ukanywa, ukairudisha? Unaweza kupunguza mwendo polepole bila kubana breki ghafla? Maana ukiwa katikati ya watu kumi, breki yako ya ghafla ni ajali ya watu tisa. Na usiache gurudumu lako la mbele lipishane na gurudumu la nyuma la aliye mbele yako. Yakigusana, yeye hata huenda asijue. Wewe ndiye utakayelala chini, na walio nyuma watalala juu yako.

Jifunze pia kuziba pancha. Beba tyubu ya akiba, pampu na vile vijiti vya kung'oa tairi. Kuna wanaume wazima hapa mjini wanaosukuma baiskeli kilomita nane kumtafuta fundi kwa sababu ya mwiba mmoja.

Ukishayaweza hayo, jiunge Jumamosi hii. Usingoje mwezi ujao. Nguvu zitakuja ukiwa ndani. Kuna sababu ya wazi ya jambo hilo: unayeendesha nyuma ya mwenzako anakukatia upepo, na kwenye tambarare unaweza kuokoa robo ya nguvu zako au zaidi. Safari ambayo ingekumaliza ukiwa peke yako, katika kundi unafika ukiwa bado unaongea. Kilo kumi utazipunguza barabarani na wenzako haraka kuliko utakavyozipunguza ukiwatazama kupitia dirishani.

Mnamjua David Kinjah, yule wa Safari Simbaz kule Mai-a-Ihii, Kikuyu. Miaka mingi amewalea vijana wa baiskeli, na kwake kijana hujifunza kuendesha na kutengeneza pia. Mama mmoja alimpelekea mtoto wake, mvulana mwembamba wa miaka kama 12, azaliwe Nairobi mwaka 1985. Mtoto hakuwa na nguvu za kushindana na wale wakubwa. Alijiunga hivyo hivyo. Jina lake Chris Froome, na alishinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Sisemi wewe utashinda Tour de France. Wewe una miaka 46 na unapenda chapati. Nasema tu kwamba hakuna aliyemwambia arudi akishakomaa.

Na kwa wale wanaodhani ustadi ni wa wageni tu: Suleiman Kangangi, mmoja wa waendeshaji hodari kabisa tuliowahi kuwa nao Kenya, alifariki Agosti 2022 katika mashindano kule Vermont, Marekani. Baiskeli si mchezo hata kwa mabingwa. Helmeti vaa hata ukienda dukani.

Kuna mambo mengine matatu manne ambayo watu hunitumia inbox, niyaguse hapa nimalize.

Kama una presha au sukari, au umepita miaka 40 na hujafanya mazoezi tangu shule, pitia kliniki kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na safari moja ya Jumamosi inaweza kukupa sehemu kubwa ya hizo. Lakini acha daktari akuambie uanzie wapi.

Kabla ya kumuuliza katibu wa klabu, muulize mama watoto. Jumamosi asubuhi ya Kenya si yako peke yako. Kuna shamba, kuna harusi, kuna mazishi, kuna watoto wa kupeleka kinyozi (samahani, hilo neno). Nimeona ndoa zikiingia baridi kwa sababu mume amepata klabu na mke amepata Jumamosi tupu. Kubalianeni saa ya kurudi, na ukisema saa nne iwe saa nne.

Klabu zinazotoka Jumapili asubuhi: mimi ni mchungaji, unajua nitasema nini. Kama ibada ni sehemu ya maisha yako, usijiunge na kundi ambalo safari yake kubwa iko saa ya ibada, eti utakuwa unaenda mara moja moja. Hutaenda mara moja moja. Tafuta la Jumamosi. Na nyinyi wachungaji wenzangu, acheni kuwahubiri vibaya waendesha baiskeli kwenye madhabahu. Waombeni viongozi wa klabu siku nyingine. Sisi tuliomba, wakakubali bila neno.

Dada zangu mnaoniuliza kuhusu suruali ya baiskeli: vaeni. Cheni ikishika sketi haitauliza wewe ni wa kanisa gani.

Na kabla ya kulipa ada popote, uliza swali moja: mtu akiachwa nyuma, mnamngoja? Usikubali jibu la "tutaona." Uliza ni nani hukaa mwisho, jina lake.

Kwetu hukaa yule kinyozi. Alirudi mtulinga ulipopona, tukatoka pamoja kwenye ile klabu ya kasi tukaanza kundi dogo. Kila mgeni anapita kwake. Atakuambia uendeshe mbele yake, atapiga kelele "Lori!" wakati hakuna lori, kisha atatazama gurudumu lako limesogea au la. Likisogea mnarudi uwanjani, na hakuna atakayekucheka, mimi nikiwa wa kwanza kutocheka.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nje ya geti la kanisa. Beba maji. Hizo kilo kumi njoo nazo.