MFUGAJI, JUA MIFUGO YAKO
Kwa nini ndama mmoja hufa na mwingine hupona?



Hapa Mwakitolyo watu huchimba dhahabu, lakini ng'ombe nao ni mali. Adui mkubwa wa ndama ni ndigana kali. Ugonjwa huu huletwa na kupe wa kahawia apendaye kukaa masikioni. Kijidudu chake huingia ndani ya chembe nyeupe za damu. Ndama hupata homa. Tezi za chini ya sikio huvimba. Hupumua kwa shida, kisha hufa.

Lakini ndama wawili wa zizi moja wakiugua, mmoja aweza kufa na mwingine kupona. Kwa nini?

Mwili una askari wake. Askari hao ni kama sungusungu. Humtambua mwizi kwa alama. Alama za kijidudu ni protini zake, ambazo ni ngeni mwilini. Askari wataona alama ipi? Hilo hutegemea vinasaba, yaani urithi ambao ndama hupata kwa baba na mama.

Katika miaka ya 1960 wataalamu waliliona jambo hili kwa panya wa maabara. Panya wa ukoo mmoja waliipinga vikali protini ngeni waliyochomwa. Panya wa ukoo mwingine waliipinga kidogo tu, ingawa protini ilikuwa ile ile.

Baadaye, utafiti wa ndigana kali uliofanywa Nairobi ulionyesha hivyo kwa ng'ombe. Wenye urithi fulani walitambua protini moja ya kijidudu. Wenye urithi mwingine walitambua protini nyingine.

Kijidudu nacho kina aina nyingi. Ng'ombe aliyeshinda aina moja aweza kushindwa na nyingine. Ndiyo maana chanjo iliyobuniwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970, ina mchanganyiko wa aina tatu. Moja ilitoka Serengeti. Ndama akichanjwa huchomwa pia dawa ya oksitetrasaiklini, ili ugonjwa usimzidi nguvu.

Ndugu mfugaji, ndama mmoja akipona, usidhani wote watapona. Urithi wao si mmoja. Basi fanya haya:

1. Ogesha ng'ombe wako kwenye josho ili kuua kupe.
2. Mwulize Bwana Mifugo habari za chanjo.
3. Ndama akipata homa na tezi zikivimba, mwite Bwana Mifugo siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.