Kabla ya tableti, sikilizeni mtoto akisoma



Kila tarehe 2 julai inchi yetu inashika buleteni mukononi. Mama amevaa kikwembe kipya, mtoto amenyolewa kichwa, direkta anaita majina: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asilimia 62, asilimia 71. Watu wanapiga makofi, wanaenda kununua sukre. Jioni, kule nyumbani, umupe mtoto yule karatasi iliyo ndani ya paketi ya dawa, ao tangazo la kwenye ukuta, umuombe asome mistari tatu tu na akueleze amesoma nini. Kwa nyumba nyingi, hapo ndipo sherehe inaisha.

Hatutii chumvi. Benki ya Dunia inahesabu kwamba katika watoto 100 wa miaka 10 katika Kongo yetu, 97 hawawezi kusoma andiko fupi na kulielewa. Makumi tisa na saba! Unaweza kubisha hesabu hiyo, useme ni hesabu za wazungu, useme labda ni 90 ao 85. Sawa. Ingia kwenye avenue yako, uulize watoto wa darasa la nne, kisha urudi tubishane.

Sisi tulitetea masomo ya bure na tunaendelea kuyatetea. Kifungu cha 43 cha Katiba kiliyaandika toka 2006, na serikali ikaanza kuyatekeleza septemba 2019, miaka 13 kisha. Lakini mlango ulifunguliwa bila kuongeza viti, bila kuongeza walimu wa kutosha, na walimu wengi wapya, wale tunaita N.U., wanafundisha mwaka mzima bila mshahara wa serikali. Kuingia bure ndani ya darasa ambamo haujifunzi kitu, hiyo haiwezi kuwa ndiyo haki tuliyoandamana kwa ajili yake.

Hivi karibuni wamoja wetu walikaa nyuma ya darasa la tatu, hapa Butembo, katika shule ambayo hatutaitaja jina kwa kuwa ingeweza kuwa yoyote. Watoto 87. Mwalimu anaandika sentensi ku ubao, anaisoma, watoto wote wanairudilia kwa sauti, vizuri sana, kama kwaya ya kanisa. Tukamuomba ruhusa, aguse kwa kijiti neno moja la katikati bila kulitamka. Kwaya ikanyamaza. Mikono kumi na kitu ikapanda, karibu yote ya benchi za mbele. Wengine walikuwa wameshika sentensi kichwani, lakini macho yao hayajashika neno hata moja. Na wote, 87, watafanya interogasio moja, siku moja, karatasi moja.

Yule mwalimu si mujinga wala muvivu. Alituambia: «Niko na batoto makumi nane na saba. Nikimusikiliza kila moja dakika mbili, asubui imeisha. Basi minatoa interogasio ya kuandika, minaikosoa usiku na tochi.» Nani kati yetu angefanya zaidi kwa mshahara ule?

Sasa wakubwa wetu wakisikia neno teknolojia shuleni, kichwani mwao kunaingia kitu kimoja: tableti. Sanduku za tableti, utepe wa kukata, picha na watoto waliofua unifomu. Tunasema mapema, kabla hawajatia sahihi kwenye soko lolote: tuangalie waliotutangulia. Peru waligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000 kwa watoto wa shule. Utafiti uliotoka mwaka 2012 ulikuta kwamba watoto wa shule zilizopata kompyuta hawakuwapita wenzao, si katika hesabu, si katika kusoma. Majirani wetu wa Kenya waliahidiwa laptop katika uchaguzi wa 2013. Mwisho zilikuja tableti, na shule nyingi zikazifungia stoo juu ya kuogopa wezi. Hapa kwetu, fasi ambapo hata mlango wa darasa unaibiwa, tunajua sanduku hizo zitalala wapi.

Angalia upande mwingine, Botswana. Mwaka 2020 shule zilipofungwa juu ya Covid, walijaribu kitu kidogo: mtu anapigia mzazi simu mara moja kwa juma, dakika karibu 20, anamuuliza mtoto hesabu, anasikiliza jibu, anamsaidia pale alipokwama. Watoto wa wazazi waliopigiwa simu walijifunza hesabu zaidi ya wale walioachwa bila kitu. Wale waliopata ujumbe wa SMS peke yake hawakufaidika sana. Tulifikiri sana juu ya jambo hilo. Telefone ni ile ile, ya bei ndogo, isiyo na intaneti. Tofauti ni kwamba kwa simu kuna mtu anayemsikiliza mtoto mmoja.

Kwa hiyo tunachotaka teknolojia ifanye shuleni ni kumpa mwalimu masikio mengi. Na vyombo viko tayari. Karibu kila mwalimu wa mji iko na telefone mfukoni, hata kama kioo kimepasuka. Telefone hiyo inarekodi sauti bila mega hata moja. Mtoto asome dakika moja mwezi wa kumi, arekodiwe. Asome tena mwezi wa pili. Mzazi asiyejua kusoma mwenyewe atasikia kwa masikio yake kama mwana wake ametoka kwenye «ba, be, bi» akafika kwenye sentensi. Buleteni gani inaweza kumwambia hivyo? (Sauti hizo zibaki kwa mwalimu na mzazi. Mwalimu atakayeziweka kwenye status ya WhatsApp ili watu wacheke, sisi wenyewe tutaenda kumuona direkta wake.)

Na redio je? Watu wanaicheka kama kitu cha babu, lakini redio haina haja ya mega. Somo lililorekodiwa kwenye kadi ya memori, likachezwa kwenye bafle ndogo inayopata moto kwa paneli ya jua, linaweza kushika darasa la watoto 87 dakika ishirini: sauti inauliza, watoto wanajibu, sauti inasubiri. Wakati huo mwalimu anapita kwenye benchi, anasikiliza watoto watano. Kesho watano wengine. Kwa juma nne amesikiliza darasa lote. Hapo ndipo dakika zake zinapatikana, na hakuna tableti iliyoibiwa.

Tufike sasa kwenye mitihani, maana hapa ndipo ugonjwa umejificha zaidi. Mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi, ule tulizoea kuuita TENAFEP na sasa ni ENAFEP, ni wa Kifaransa na wa kuchagua jibu kati ya majibu yaliyoandikwa tayari. Mtoto asiyejua kitu anaweza kubahatisha. Mtoto anayejua, lakini anajua kwa Kiswahili ao kwa Kinande, anaweza kuanguka. Hatusemi ufutwe. Tunasema hauwezi kuwa mara ya kwanza kwa inchi kujua kama mtoto anasoma, miaka sita kisha kuingia shule.

Nenda sokoni ukaone mtoto wa miaka kumi anayeuza avoka. Unampa noti ya faranga elfu tano, anakurudishia mabaki kabla haujamaliza kuhesabu. Anabadilisha dola kwa faranga kichwani, na kule Kasindi anaongeza shilingi ya Uganda. Asubui iliyofuata mtoto huyo huyo anapata 3 juu ya 10 katika hesabu, juu swali liliandikwa kwa maneno ya Kifaransa asiyoyajua. Nani ameshindwa hapo? Mwalimu angemuuliza kwa mdomo, kwa lugha yake, kisha akamuonyesha namna ya kuiandika, angegundua kwamba mtoto huyu hana shida ya hesabu hata kidogo, iko na shida ya kusoma. Hizo ni dawa mbili tofauti. Na sheria haikatazi: Katiba inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya februari 2014 inakubali lugha hizo na lugha za eneo zitumiwe kufundishia.

Kupima kwa mdomo si jambo gumu. Kule India, shirika la Pratham linatumia toka 2005 karatasi moja tu: herufi, maneno, aya fupi, hadithi ndogo. Mtoto anasoma mpaka pale anapokwama, na pale ndipo kiwango chake. Kenya, Tanzania na Uganda, Uwezo walipeleka watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba na karatasi za namna hiyo, hata kwa Kiswahili. Kisha kupima, watoto wanaweza kugawanywa saa moja kwa siku kufuata kiwango: wa darasa la tano asiyejua herufi anakaa na wenzake wa herufi, bila haya.

Hii inagusa sana watoto wa vita. Mtoto aliyekimbia kutoka Rutshuru ao Lubero amepoteza mwaka, pengine miwili. Anafika hapa, anawekwa darasa la umri wake, na hakuna anayemuuliza anajua nini. Interogasio ya kwanza inampa sifuri, ya pili sifuri, ya tatu hayupo tena, yuko anabeba mizigo sokoni. Dakika mbili za kumsikiliza siku ya kwanza zingebadilisha mambo.

Tunajua kuna wazazi watasema: «Sisi tunataka pointi, tunataka kujua mtoto ni wa ngapi.» Tunawaheshimu, mama na baba zetu, ni wao wanalipia kaye na kalamu. Lakini wa tano kati ya watoto 87 wasiosoma, hiyo ni nafasi gani? Na inspekta atakayesema fomu yake haina fasi ya kupima kwa mdomo, aibadilishe fomu.

Kwa ministeri ya elimu tunaomba mambo machache: kila mtoto wa darasa la pili na la nne asikilizwe akisoma, mara mbili kwa mwaka, na matokeo yabandikwe shuleni bila majina. Mafranga ya tableti yaanzie kwa mishahara ya N.U. na kwa bafle na paneli za jua. Masomo ya kusikiliza yarekodiwe na walimu wa hapa, kwa Kiswahili tunachokisema.

Sisi wenyewe hatusubiri jibu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, kila kikundi chetu kitachagua avenue moja. Tutaomba ruhusa kwa shefu wa avenue, kisha kwa wazazi, nyumba kwa nyumba. Watoto 20, wa miaka 8 mpaka 12, karatasi ile ya hatua nne, kwa Kiswahili, dakika tatu kwa kila mtoto, mzazi akiwa pale pale. Hakuna picha ya mtoto, hakuna jina. Tunaandika tu umri, darasa na hatua aliyofika. Nakala moja itaenda kwa shefu wa kartie, nyingine kwa inspekta wa shule za msingi, ya tatu tutaitoa hapa hapa, avenue kwa avenue, kabla ya sikukuu ya Noeli.