Mabinti Nao Wahesabiwe



Sisi wa Kaole hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta habari za chanjo ya malaria. Jirani zetu wa Bagamoyo walikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyoijaribu chanjo ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014. Waliandikishwa watoto 15,459. Malaria ilipungua, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini wataalamu walipotenganisha hesabu za vifo kwa jinsia, ilionekana kuwa wasichana waliopewa chanjo hiyo walifariki karibu mara mbili ya wasichana waliopewa chanjo nyingine. Kwa wavulana haikuwa hivyo.

Pengine ilikuwa bahati mbaya ya hesabu tu. Hata hivyo swali lilistahili kuulizwa, wala halikuwa geni. Mwaka 1992 Shirika la Afya Duniani liliiacha chanjo ya surua ya nguvu ya juu, baada ya wasichana walioipata huko Guinea-Bissau, Senegal na Haiti kuonekana kufariki zaidi. (Chanjo ya surua ya kawaida ni kitu kingine, huokoa maisha, na mzazi anayemnyima mtoto wake anamdhulumu.)

Mwaka 2019 RTS,S ilianza kutolewa kwa uangalizi nchini Kenya, Ghana na Malawi, na mojawapo ya mambo ya kuchunguzwa ilikuwa hivyo vifo vya wasichana. Hapa ndipo lilipo lalamiko letu. Mzazi aliyemleta mtoto kliniki alihesabiwa kuwa amekwisha kuridhia. Matokeo yalikuwa mema: vifo vya ziada vya wasichana havikuonekana, na Oktoba 2021 chanjo ikapendekezwa. Twafurahi. Lakini matokeo mema hayahalalishi ridhaa isiyoombwa.

Wapo wasemao kwamba mama wa kijijini akiambiwa mambo hayo ataogopa na kukimbia. Hiyo ni dharau. Mama anayetanda uduvi pwani yetu ajua saa ya maji kujaa na kupwa. Atashindwaje kuelewa kwamba jambo fulani bado linachunguzwa?

Bagamoyo imekwisha kujaribu pia chanjo ya R21, iliyopendekezwa mwaka 2023, na majaribio mengine yatakuja. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, watafiti wakifika, waulizeni mbele ya wazazi: wasichana wangapi wamefariki, wavulana wangapi? Wajibu kwa Kiswahili, kabla mzazi hajaweka dole gumba.