Kuvu za Mizizi na Mashamba ya Viungo ya Matombo

Mkulima wa Matombo, katika Milima ya Uluguru, aonapo mche wake wa pilipili manga umedumaa hudhani kwamba udongo umeishiwa chakula. Mara nyingi chakula kimo, ila mizizi haikifikii. Udongo mwekundu wenye asidi huishika fosfati kwa nguvu, nayo haisogei kuufuata mzizi.

Hapo ndipo kuvu za mizizi zinapohitajika. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, A. B. Frank, aliuita ushirika wa kuvu na mzizi mikoriza. Nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi, hupenya pasipopenyeka na kuleta fosfati; mmea nao huzilipa kwa sukari. Pilipili manga, tangawizi na iliki zote hushirikiana na kuvu za namna hii.

Kuvu hizo huishi zaidi katika udongo wa juu, na Matombo inajua gharama ya kuupoteza udongo huo. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Pengi udongo hafifu wa chini ulifukuliwa ukawa juu, na mazao yakapungua. Kwa adha hiyo na kwa sulubu ya kazi yenyewe, ghasia zilizuka Matombo mwaka 1955, na mpango ukaachwa.

Siku hizi kuvu huuzwa zimefungwa kama mbolea. Si haki kumhimiza mkulima anunue kabla hajaonyeshwa kutunza alizo nazo: asichome shamba, asiache ardhi tupu, na asizidishe mbolea ya fosfati, kwa maana mmea ulioshiba huzipuuza kuvu.

Kitaluni, udongo kidogo kutoka chini ya mimea yenye afya huweza kuchanganywa katika nusu ya miche, na nusu nyingine ikaachwa bila kitu. Udongo wa penye ugonjwa usiguswe, kwani ugonjwa nao husafiri. Tofauti ipimwe kabla ya shilingi kutumika.

Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kimo Morogoro humo humo. Yafaa majaribio hayo yafanywe Matombo, pamoja na wakulima wenyewe, wasije wakaamrishwa tena jambo ambalo halijapimwa katika udongo wao.